Saa ya Sita Katika Nchi ya Hispania

Walimu kadha wa kadha wametuuliza: Tukitaka kuwasimulia watoto shuleni, au jamaa zetu nyumbani baada ya chakula cha usiku, habari za nchi ya Hispania, tuanze na jambo gani? Wengi huanza na mchezo wa kupigana na mafahali, au na mpira wa miguu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoenea duniani. Hatuwalaumu. Walakini mtu ajuaye ngoma za watu tu hajawajua bado. Sharti ajue waamka saa ngapi, wala saa ngapi, wapumzika lini, na mlango wa nyumba wafungwa saa ngapi usiku. Kwa hiyo shauri letu ni hili: anzeni na saa. Mwenye kuzijua saa za Wahispania ataelewa meza yao, na kazi yao, na matembezi yao ya jioni, na hata mashindano ya maneno waliyo nayo siku hizi. Tena ataepuka kuwasingizia, maana hakuna neno walilosingiziwa zaidi kuliko uvivu.

Katika habari hizi twahesabu saa kwa desturi yetu ya Kiswahili. Tukisema saa nane mchana, ni ile ambayo saa ya ukutani ya Kizungu huonyesha 2, nao Wahispania katika ratiba zao huiandika 14. Na sababu ya kusisitiza jambo hili dogo itaonekana mbele.

Haya, twende nao tangu asubuhi.

Tulipokuwa katika mji wa Madrid mwezi wa Desemba, jambo la kwanza lililotushangaza ni giza. Saa mbili asubuhi taa za njiani zilikuwa zingali zikiwaka, na watu walikwenda kazini wamejifunga shingo kwa vitambaa vya sufu. Jua halikutokeza hata saa mbili u nusu ikapita. Sisi tuliozoea nchi za Ikweta twalijua jua kuwa mtumishi mwaminifu: huja karibu na saa kumi na mbili, na kwenda zake karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Huko sivyo. Mwezi wa Juni, katika mji ule ule, jua huchwa karibu na saa nne kasorobo usiku. Na huko magharibi, katika bandari ya Vigo, huchwa saa nne na robo. Mtoto wa huko akiambiwa, "Rudi nyumbani kabla ya jua kuchwa," ana nafasi kubwa ya kucheza!

Chakula cha asubuhi ni kidogo: kahawa yenye maziwa, na kipande cha mkate uliobanikwa. Upande wa kusini mkate huo mara nyingi haupakwi siagi. Humiminiwa mafuta ya zeituni, kisha hupakwa nyanya iliyokunwa na chumvi kidogo. Mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60. Mtu apitapo huko huona miti imepangwa juu ya vilima, safu baada ya safu, hata macho yachoke. Na hakuna nchi duniani itoayo mafuta hayo kwa wingi kuliko Hispania.

Hapo mezani Mswahili husikia maneno yanayofanana na ya kwao. Tunda la mzeituni wenyewe huliita aceituna. Sukari huiita azúcar. Zafarani huiita azafrán. Birika la kuwekea maji ya kumwagilia shamba ni alberca. Mtu tusiyetaka kumtaja jina twamwita fulani, nao humwita fulano. Hata neno letu hili "hata", kwa maana ya mpaka, wao husema hasta. Si ajabu. Waislamu wenye kusema Kiarabu walitawala sehemu za nchi ile tangu mwaka 711 hata mwaka 1492, mji wa Granada ulipotwaliwa; na Kiarabu hicho hicho kilifika pwani yetu kwa majahazi. Lugha zetu mbili si ndugu, ila zilikopa katika duka moja.

Kwa kuwa chakula cha asubuhi ni chepesi, ikifika saa nne au saa tano watu wa kazi hutoka tena kidogo, wakaenda mkahawani kunywa kahawa na kula mkate, au kipande cha mayai yaliyokaangwa pamoja na viazi. Mgeni akienda ofisini saa hiyo na kumkosa karani, asidhani karani amekimbia kazi. Yuko ng'ambo ya njia, amesimama mbele ya meza ndefu ya mkahawa, naye atarudi.

Siku ya Alhamisi, saa sita mchana ya saa ya ukutani, yafaa msafiri awe katika mji wa Valencia. Kengele ya mnara wa kanisa kuu ipigapo, wazee wanane huketi duara mbele ya mlango uitwao Mlango wa Mitume, wamevaa mashati meusi ya wakulima. Hao ndio Baraza la Maji. Nje ya mji ule kuna mashamba ya mboga na michungwa, nayo hunyweshwa kwa mifereji minane itokayo katika mto Turia. Na kila mzee amechaguliwa na wakulima wa mfereji wake. Tarishi husimama na kuita majina ya mifereji, mmoja baada ya mmoja, ili mwenye mashtaka aje mbele. Labda mtu amechukua maji isiyo zamu yake, au ameyaacha yakafurika katika shamba la jirani. Hapana mawakili, maneno yote hunenwa kwa mdomo, kwa lugha ya wenyeji, na hukumu hutolewa pale pale. Tena wana busara hii: mshtakiwa akiwa wa mfereji wa ng'ambo moja ya mto, hukumu yake hupendekezwa na wazee wa ng'ambo ya pili, ili asihukumiwe na majirani zake. Mara nyingi hapana shauri lolote, na baraza huvunjika baada ya dakika chache. Lakini Alhamisi ijayo wazee watakuja tena. Katika mwaka 2009 shirika la UNESCO liliandika baraza hili, pamoja na lingine la namna yake la mji wa Murcia, katika orodha ya mambo ya urithi wa wanadamu. Na yule tarishi jina lake la Kihispania ni alguacil, ambalo kwa asili ni neno lile lile la waziri. Kwetu limebaki na cheo chake. Kwao limeshuka daraja.

Baada ya hayo msafiri mwenye njaa hutafuta chakula, na hapo hupata taabu. Saa sita u nusu jikoni hawajawa tayari. Saa saba viti bado vitupu. Saa nane ndipo watu waanzapo kuingia, na saa nane u nusu au saa tisa mahali pote pamejaa sauti na harufu ya kitunguu saumu. Hiki ndicho chakula kikubwa cha siku. Katika hoteli za chakula huandikwa ubaoni chakula cha siku kwa bei moja: sahani ya kwanza, labda dengu au mboga, sahani ya pili, samaki au nyama, pamoja na mkate, kinywaji, na tunda au kitu kitamu cha kumalizia. Desturi hii ilipata nguvu katika miaka ya 1960, serikali ilipoamuru hoteli ziwe na mlo wa namna hiyo kwa ajili ya wageni. Siku hizi makarani na mafundi ndio wautumiao zaidi.

Siku ya Jumapili, katika nchi ya Valencia, jamaa hupika wali wao mashuhuri uitwao paella. Paella asili yake ni jina la kikaango chenyewe, kipana, chenye kina kidogo na mikono miwili. Mchele hulimwa karibu na ziwa la Albufera, kusini ya mji. Ndani yake hutiwa nyama ya kuku na ya sungura, maharagwe mabichi, nyanya na zafarani, na wapishi wa kale hupenda moto wa kuni za mchungwa. Huu ni wali wa mchana. Mwenyeji akimwona mgeni auagiza saa nne ya usiku, hucheka kimoyomoyo, kama sisi tungalivyomcheka mtu aombaye uji wa asubuhi wakati wa kulala.

Chakula kikiisha, watu hawaondoki. Jambo hili twataka walimu walitie moyoni kuliko mafahali wote. Wahispania wana neno sobremesa, na tafsiri yake ni "juu ya meza". Maana yake ni ule muda wa kukaa mezani sahani zikiisha kuondolewa, kahawa ikiletwa, watu wakazungumza. Baba na mabinti hushindana kwa maneno, bibi husahihisha habari za ukoo, mtoto hulala mapajani. Muda huu haumo katika chakula, wala haumo katika kazi, lakini mtu akiuondoa, mlo wote huwa kama umekatwa mkia. Hayo tuliyaona nyumbani mwa watu wa kawaida, si kwa matajiri tu.

Ndipo huja siesta, ambayo dunia nzima imesikia, na wengi hawaijui. Neno lenyewe latoka katika Kilatini, hora sexta, maana yake saa ya sita. Warumi wa kale walizihesabu saa za mchana kama sisi, tangu mapambazuko. Kwao adhuhuri ilikuwa saa ya sita, kama ilivyo kwetu. Wasomaji wa Injili wazijua saa hizo: ya tatu, ya sita, ya tisa. Mwingereza akiambiwa kwamba siesta ni saa ya sita, hana budi kufafanuliwa, maana saa yake ya sita ni ya alfajiri au ya jioni. Mtoto wa Kiswahili hufahamu mara moja. Amejifunza hesabu hiyo kwa mama yake.

Na pumziko hilo lina sababu yake. Upande wa kusini, katika miji ya Sevilla na Córdoba, joto la Julai na Agosti hupita digrii 40 mara nyingi. Mwezi wa Agosti mwaka 2021, katika mkoa wa Córdoba, lilipita digrii 47. Wenyeji wa Sevilla hutanda vitambaa vikubwa juu ya njia za maduka, toka paa hata paa, ili wapitao wapate kivuli. Mkulima aliyeanza kuvuna kabla ya jua kuwa kali angefanya nini adhuhuri, ila kuingia ndani, kufunga madirisha, na kujinyosha?

Je, Wahispania wote hulala mchana? La. Katika miji mikubwa watu wengi hawalali kabisa. Nyumba zao ziko mbali na kazi, wala hawawezi kwenda na kurudi. Kilichobaki kwao si usingizi, bali ni ule mpasuko wa siku. Tutwae mfano wa mwanamke auzaye viatu dukani. Hufungua saa nne asubuhi. Hufunga saa nane mchana. Hufungua tena saa kumi na moja jioni. Hufunga saa mbili u nusu usiku. Katikati ana saa tatu zisizokuwa za kazi wala za nyumbani. Afikapo mlangoni pake, saa tatu usiku imepita. Mtu huyu tutamwitaje mvivu? Siku yake si fupi kuliko ya wengine. Imenyoshwa kama ngozi juu ya ngoma.

Wazee husema kwamba desturi hii ya kuigawanya siku ilikazwa na umaskini. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1936 hata 1939, mishahara ilikuwa midogo, na watu wengi walishika kazi mbili: moja asubuhi, nyingine jioni, na katikati walikula na kuvuta pumzi. Njaa ile ilipita, lakini saa zake zilibaki.

Jioni, joto lipunguapo, watu hutoka kupunga hewa. Wazee kwa vijana hutembea polepole katika njia kuu na uwanja wa mji, wakisalimiana, wakisimama, wakitembea tena. Hawaendi mahali, kutembea ndiko kwenyewe. Saa tatu habari za jioni husomwa katika televisheni. Chakula cha usiku ni chepesi, nacho huliwa saa tatu u nusu au saa nne. Na wakati wa kiangazi watoto wangali wakicheza uwanjani saa hiyo. Zamani, tangu karne ya 18 hata miaka ya 1970, palikuwa na walinzi wa usiku walioitwa sereno. Walizunguka mitaani na mafunguo ya milango ya watu, na walipoanza kazi yao walikuwa wakitangaza saa na hali ya hewa kwa sauti. Neno sereno maana yake ni kutulia kwa mbingu. Na kwa kuwa walilitaja mara nyingi usiku usipokuwa na mvua, likawa jina lao. Aliyechelewa kurudi alipiga makofi njiani, na mlinzi akaja kumfungulia. Kazi hiyo ilikwisha nyumba zilipopata mitambo ya kufungulia milango.

Na usiku ulio mkubwa kuliko yote ni wa tarehe 31 Desemba. Watu hukusanyika mjini Madrid katika uwanja wa Puerta del Sol, mbele ya saa ya mnara iliyofunguliwa mwaka 1866, nayo ilitengenezwa na fundi José Rodríguez Losada. Na walio majumbani huitazama katika televisheni. Kila mtu ana zabibu mbichi kumi na mbili mkononi. Kengele ikipiga mapigo kumi na mawili ya saa sita usiku, kila pigo hula moja. Anayezimaliza kwa wakati husemwa atapata mwaka mwema. Asiyezimaliza huchekwa tu, mashavu yakiwa yamejaa. Watu wa visiwa vya Canarias hungoja saa moja zaidi, kwa maana saa zao ziko nyuma. Ndiyo sababu mtangazaji wa redio atajapo saa hapo Madrid huongeza kila mara kwamba Canarias ni saa moja pungufu.

Sasa twafika kwenye swali lililobaki: Mbona saa zao zimechelewa hivi, kupita hata jirani zao wa Ureno na Ufaransa? Umaskini na joto ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine i katika saa yenyewe.

Zamani kila mji wa Hispania ulifuata jua lake. Tarehe 1 Januari 1901 nchi nzima ilitwaa saa ya Greenwich, na hilo lilikuwa jambo la haki, kwa maana mstari wa Greenwich wenyewe hupita mashariki ya Hispania, karibu na mji wa Castellón, na sehemu kubwa ya nchi iko magharibi yake. Lakini katika mwaka 1940, Ulaya ikiwa vitani, serikali ya Jenerali Franco iliamuru saa zipelekwe mbele, zilingane na za nchi nyingine za Ulaya. Jumamosi tarehe 16 Machi, ilipofika saa tano usiku, saa zote zilisogezwa zikawa saa sita. Amri ile ilisema kwamba tarehe ya kurudisha saa ya kawaida itatangazwa baadaye. Imepita miaka zaidi ya 80, na tarehe hiyo haijatangazwa.

Juu ya hayo, wakati wa kiangazi saa husogezwa mbele tena kwa saa moja, kama katika nchi nyingine za Ulaya. Basi hesabuni wenyewe. Mwezi wa Julai, mjini Madrid, jua hufika utosini karibu na saa nane na robo. Yule mtu tuliyemshangaa kwa kukaa mezani saa nane na robo hakuchelewa hata kidogo. Kivuli chake kilikuwa kifupi kuliko saa zote za siku: alikula saa ya sita! Saa ya ukutani ndiyo iliyokimbia mbele. Tumbo lake lilibaki na jua.

Atakaye kuliona jambo hili kwa macho na aende kaskazini magharibi, penye mto Miño. Ng'ambo hii ni mji wa Tui wa Hispania, ng'ambo ile ni Valença ya Ureno, na katikati kuna daraja la chuma la karne ya 19. Wareno wafuata saa ya Greenwich. Mtu aondokaye Tui kwa miguu saa sita kamili hufika Valença saa tano na dakika chache, wala hakufanya muujiza wowote. Jua ni moja, mto ni mmoja. Kilichotofautiana ni amri ya watu.

Hata hivyo tusiseme kwamba mambo yote ni sawa, kwamba saa ni jina tu. Shida ipo, na wenyewe waiona. Tumbo hufuata jua, lakini shule haifuati. Shule nyingi hufunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa ya ukutani, na ofisi vivyo hivyo. Na usiku, kwa kuwa mwanga umekawia na mama amekawia dukani, na michezo ya televisheni yaanza baada ya saa nne u nusu, nyumba hailali. Usiku hufuata jua na asubuhi hufuata ukuta, na kati ya hayo mawili ni usingizi unaobanwa. Mtoto akisinzia darasani, kosa si lake tu.

Kwa hiyo katika mwaka 2013 tume ya bunge ilipendekeza nchi irudie saa ya Greenwich, na saa za kazi zitengenezwe upya, ili wazazi wapate kukaa na watoto wao. Mwaka 2016 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mariano Rajoy, alinena kwamba yafaa kazi ziishe saa kumi na mbili jioni. Halikufanyika. Wako wanaolikataa neno hilo, nao wana hoja. Wenye hoteli na mikahawa waupenda mwanga mrefu wa jioni, maana ndio uwaleteao wageni. Bunge la visiwa vya Baleares, vilivyo upande wa mashariki, mwaka 2016 liliomba kinyume chake, kwamba saa ya kiangazi idumu mwaka mzima, ili giza lisiwaingilie mapema. Huko Galicia, magharibi ya mbali, wapo waombao saa ya Ureno. Jamaa moja, na kila mmoja avuta blanketi upande wake.

Nasi tulipoyasikia mashauri haya tuliona kwamba hawabishani juu ya mashine. Wabishana juu ya nani atakula na nani. Mchana mrefu umewahifadhia meza ya pamoja na mazungumzo yake, ambayo nchi nyingi tajiri zimeyapoteza, watu wake wakila mkate kwa haraka mbele ya kazi, kila mtu peke yake. Lakini meza hiyo si ya bure. Karani aliye karibu na nyumbani huifurahia. Mwanamke auzaye viatu huilipia, na mtoto wake huilipia kwa usingizi. Kuufupisha mchana ili mama arudi mapema, na meza isivunjike: hilo ndilo fumbo lao, nalo si dogo. Mwenye nyumba yeyote ambaye kazi yamtoa alfajiri na kumrudisha watoto wamelala atalifahamu bila kufika Hispania.

Basi, walimu wetu, hapo mna mazungumzo ya jioni nyingi, wala haifai kuyamaliza kwa mara moja. Jioni ya kwanza zungumzeni habari za mkate na mafuta, na maneno tuliyokopa duka moja. Jioni ya pili, Baraza la Maji la Valencia. Na muwaache watoto wafanye baraza lao, mmoja awe mshtakiwa, wengine wazee wa ng'ambo ya pili ya mto. Jioni ya tatu, zabibu kumi na mbili na walinzi wa usiku. Ya nne, daraja la Tui, kwa wale wapendao hesabu. Ya tano, wakubwa wa nyumba wazungumze wenyewe, sahani zikiisha kuondolewa: Sisi hapa twala pamoja mara ngapi kwa juma, na ni nani akosekanaye?

Na siku mtakapotaka kueleza siesta, msianze na mtu aliyelala chini ya kofia, kama wachoravyo wachekeshaji. Watoeni watoto nje adhuhuri, wasimame juani, watazame vivuli vyao miguuni, kisha waulizeni ni saa ngapi. Watajibu saa sita. Waambieni kwamba hilo ndilo neno lenyewe.